Nyaya Tatu na Sikio la Baba

Ilikuwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, nyumbani Tanga, siku chache baada ya arobaini ya Mama. Mtangazaji alikuwa anasoma habari ya ajali ya basi, watu wamekufa, na Baba akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilikuwa kile kifupi cha adabu, anachokitoa mtu aliyekaa na wageni wanaocheka na hataki ionekane amepitwa. Mdogo wangu alibaki na tonge mkononi. Nikamtazama Baba, naye akanitazama, na nikaona usoni mwake kwamba amejua amekosea ila hajui amekosea wapi.

Tulikuwa hatujui. Naandika hivyo kwa aibu, maana watoto wanne wazima, wote na simu za kisasa, hatukujua. Mama alikuwa na mazoea ya kurudia maneno. "Anasema mafuta yamepanda bei." "Anasema wametoka sare." "Mwanao anakuuliza kama umekunywa dawa." Sisi tulidhani ni tabia yake ya kusimamia kila neno linalopita ndani ya nyumba, na tulikuwa tunamtania. Baba alifanya kazi ya karani na mkalimani wa mahakama kwa zaidi ya miaka thelathini, enzi ambazo shahidi anaeleza kwa Kisambaa au Kidigo, hakimu anaandika kwa Kiingereza, na katikati kasimama yeye. Alistaafu zamani, kabla sheria ya 2021 haijakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kumbe miaka yote hiyo ya kustaafu mkalimani alikuwa na mkalimani wake, na tulipomzika huyo ndipo tukagundua kwamba baba yetu hasikii.

Tulimpeleka kupimwa. Daktari akatuonyesha karatasi yenye mstari unaoanzia juu kushoto, unakwenda vizuri kama barabara ya lami, halafu unaporomoka kama umefika ukingoni mwa korongo. Upande wa kushoto, akasema, ni sauti nzito: ngoma, injini, mlango unaofungwa. Hizo mzee anazisikia kama kijana. Upande wa kulia ni sauti nyembamba: ndege, kengele ya baiskeli, na (hapa nikajiweka sawa kwenye kiti) herufi s, f, sh, t na k. Umri unapokula sikio huanzia huko kwenye nyembamba. Irabu zina nguvu, zinatoka kifuani, zinabaki. Lakini sauti kama s nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000, na yenyewe ni pumzi tu inayopita kwenye meno.

Sasa fikiria Kiswahili. Mtu anayesikia irabu tu anasikia wimbo mzima wa sentensi. Anajua kama ni swali au ni amri, anajua umekasirika, anajua umemaliza. Ila hajui kama umesema paka, pata, taka, kata, saka, kaka au shaka. Zote ni a na a. Ukimpandishia sauti unampandishia a.

Kuhusu vifaa vya kuvaa masikioni, bei yake acha tu, lakini bei tungechangishana. Aliyekataa ni Baba mwenyewe. "Nivae vidude masikioni kama vijana wa bodaboda?" Tukaliacha kwa muda. Mambo kama hayo kwa wazee wetu huamuliwa kikao cha tatu au cha nne, si cha kwanza.

Wakati huo huo alikuwa ameacha kwenda barazani jioni kwa sababu wenzake, kwa maelezo yake, siku hizi wananong'ona. Runinga ndiyo iliyobaki kuzungumza ndani ya nyumba ile. Na mimi, ambaye mkate wangu ni kuuliza watu maswali, niliyewahi kumkimbiza waziri kwenye ngazi nikimuuliza swali lile lile mara tatu, ilinichukua wiki kadhaa kumuuliza baba yangu swali moja: unasikiaje?

Akafikiri. Halafu akanijibu taratibu, kama anayesoma mwenendo wa kesi. "Nasikia kwamba mtu anasema. Sijui anasema nini. Ni kama kesi inasikilizwa ndani, mlango umefungwa, na wewe uko nje koridoni."

Kazini kwetu tuna fundi mitambo, kaka mmoja mtulivu ambaye amekuwa akirekebisha sauti za watu kwa miaka mingi hata anapokusalimia unahisi anapima kiwango chako. Nilimsimulia. Akasema ukimwongezea mzee sauti ya runinga unaongeza kila kitu pamoja, muziki, kelele za uwanjani, mvua, na maneno yanabaki yamezama pale pale. (Mtu yeyote aliyewahi kutazama filamu za Kibongo anaelewa hili bila daktari. Kinanda kinalia, mama mkwe anazungumza, na kinanda kinashinda.) Mzee anahitaji maneno yatengwe. Kwenye hom thieta yenye spika tano na sabufa, akasema, maneno ya wanaozungumza hupelekwa kwa sehemu kubwa kwenye spika moja, ile ya katikati. Hiyo unaweza kuipandisha peke yake, ukaziacha nyingine chini. Hata kipindi kikirushwa kwa stirio ya kawaida, kama vingi vyetu, risiva yenye Dolby Pro Logic II inaangalia kilicho sawa kushoto na kulia, inakichota, inakipeleka katikati. Na kwa kawaida kilicho sawa pande zote mbili ni sauti ya mtu.

Nilipenda sana wazo hilo. Mwezi uliofuata nikaona tangazo la familia ya wageni inayohama Masaki na kuuza vitu vyake. Katikati ya meza za bustani na baiskeli za watoto kulikuwa na risiva nyeusi, nzito kama mfuko wa nusu gunia, spika tano na sabufa. Laki tatu na nusu. Nyaya za spika zilikuwepo. Waya wa kuunganisha na runinga haukuwepo. Umepotea kwenye maboksi, dada, samahani sana.

Ndivyo nilivyojikuta Kariakoo, upande wa Mtaa wa Aggrey, Jumamosi saa sita mchana, kijana wa duka akinipangia nyaya tatu juu ya kaunta.

Wa kwanza ulikuwa HDMI, umevikwa uzi uliosukwa, ncha zake zinang'aa kama mkufu wa harusi. Elfu sitini na tano. Wa pili ni wa optikali, mwembamba, mweusi, mwepesi kiasi kwamba ukiushika huamini kuna kitu ndani. Elfu kumi na mbili. Wa tatu ni wa koaksiali, mnene kidogo, una pini moja kila upande, unafanana na zile nyaya za njano za deki. Elfu nane.

"Huu wa tatu na wa pili una tofauti gani, mdogo wangu?"

"Dada yangu, hiyo miwili ni ya zamani. Sauti iko kwenye dhahabu. Ukiweka huu sauti inakuwa na uzito, halafu inakuwa safi."

Nilijua ananiuzia. Nimeandika habari za walaji, nimeandika kuhusu chaja feki na betri zilizojazwa mchanga, nilijua kabisa. Lakini kichwani mwangu nilikuwa namwona Baba akicheka kwenye habari ya ajali, na niliposikia neno "safi" mkono ukaenda kwenye pochi. Kwa wazazi wetu tunaowaona mara tatu kwa mwaka huwa hatununui kitu kinachofaa, tunanunua kitu kinachotosha deni. Nilipunguziwa elfu tano. Nikatoka na waya wa dhahabu na moyo mwepesi.

Jumatatu fundi mitambo aliushika, akaugeuza, akauliza, "Umemnunulia mzee mkufu?"

Halafu akaomba picha ya nyuma ya risiva. Ninayo kwenye simu. Akaikuza kwa vidole, akatafuta pembeni ya matundu ya HDMI herufi tatu, ARC, akakosa. Hapo ndipo nilipopata darasa ambalo nilipaswa kulitafuta kabla ya kwenda Kariakoo.

HDMI ilikuja mwaka 2002, na kwa miaka ya mwanzo ilikuwa njia ya kwenda tu: picha na sauti zinatoka kwenye deki au king'amuzi, zinaingia kwenye runinga. Njia ya sauti kurudi kutoka kwenye runinga kwenda kwenye risiva, ndiyo hiyo ARC, ilikuja na toleo la 1.4 mwaka 2009. Ile yenye uwezo mkubwa zaidi, eARC, ikaja na toleo la 2.1 mwaka 2017. Risiva yangu ilitengenezwa 2008. Ningechomeka waya wa dhahabu, au hata wa almasi, na runinga isingepitisha neno moja kurudi. Ningeweza kuupitisha waya wa king'amuzi ndani ya risiva kwanza, ndipo uende kwenye runinga, lakini kwa risiva ya umri ule ukiizima na picha inakatika. Mzee wa watu anataka kuangalia mpira kimya kimya mchana, lazima awashe mtambo wote.

"Na ule usafi wa dhahabu?" nikauliza, maana nilishalipa.

Akaniuliza kama nakumbuka antena za juu ya bati. Nakumbuka sana. Mmoja anapanda, mmoja anakaa dirishani, wa tatu yuko ndani anapiga kelele: hapo hapo, umepita, rudi! Picha ikiwa mbaya unaona chenga, na chenga zinaweza kuwa nyingi, kidogo, au kidogo sana. Hiyo ni analojia, ambayo kila kasoro ya njia inaingia kwenye kinachosafiri, na waya mzuri unaonekana. Kisha Dar es Salaam ikazima analojia Desemba 31, 2012, Tanga na miji mingine ikafuata mwaka 2013, na chenga zikaondoka na vingi. Sasa mvua ikinyesha king'amuzi hakikupi chenga. Picha inakatika vipande vipande au inaganda, halafu ikirudi inarudi yote. Waya wa sauti ya dijitali ni hivyo hivyo. Unabeba sifuri na moja. Zikifika, zimefika. Zisipofika utasikia sauti inakatikakatika au ukimya. Hakuna waya unaozifanya sifuri kuwa safi zaidi, wala moja kuwa na uzito.

Zikabaki nyaya mbili za bei rahisi, na hapa fundi mitambo alikaa vizuri kwenye kiti kama mtu anayeanza kuzungumzia timu yake. Zote mbili, akasema, ni ndugu. Zinapitisha ujumbe ule ule, kwa utaratibu unaoitwa S/PDIF, jina lililobeba ndani yake Sony na Philips. Koaksiali inaupitisha kwa umeme kwenye shaba. Optikali inaupitisha kwa mwanga mwekundu ndani ya uzi wa plastiki. Hii ilibuniwa na Toshiba mwaka 1983 kwa ajili ya mashine zao za CD, ndiyo maana inaitwa TOSLINK. Ni binamu maskini wa ule mkongo wa mawasiliano unaopita chini ya bahari. Nilikuwa mwanafunzi mwaka 2009 ule wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, na tulidhani siku inayofuata intaneti ya chuoni itakimbia. Hadithi nyingine hiyo.

Uwezo wa hizi nyaya mbili una kikomo, na kikomo ni kimoja. Zinabeba stirio kamili kama ya CD, au sauti ya njia sita iliyobanwa, Dolby Digital au DTS. Kubanwa kwenyewe si mchezo: CD inatumia kilobiti 1,411 kwa sekunde kwa njia mbili, wakati Dolby Digital ya DVD, kwa kiwango chake cha juu, inatumia 448 kwa njia sita. Zile sauti kubwa za Blu-ray ambazo hazijapotezwa chochote, Dolby TrueHD na wenzake, hazipiti humo. Hizo zinataka HDMI. Mtu mwenye ukumbi wa sinema nyumbani kwake Mbezi Beach na masikio ya miaka ishirini na tano ana sababu ya kulifikiria hilo. Baba yangu anataka kumsikia mtangazaji.

"Nyumbani hamna deki ya zamani?" akauliza. "Chukua ule waya wake wa njano. Ule wa picha. Ni wa omu 75, ndicho koaksiali inachotaka. Kwa mita moja, mbili, unafanya kazi bila shida. Jaribu bure kwanza."

Nilirudi Kariakoo kurudisha mkufu. Kijana akanionyesha kwa upole maandishi ya chini ya risiti, mali ikiuzwa hairudishwi. Nikanunua na wa optikali, wa akiba, elfu kumi.

Basi la asubuhi kutoka Mbezi, risiva imelala mapajani kwangu kwa sababu buti siiamini, spika miguuni. Chalinze, Segera, Muheza. Nilipofika nilikuwa sisikii miguu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Umehamia?"

Usiku ule nilichomeka waya wa njano kutoka kwenye king'amuzi hadi kwenye risiva. Ukakubali mara moja. Nikapandisha spika ya katikati, nikashusha sabufa mpaka karibu na mwisho. (Kwetu mtu akisema ana sabufa anamaanisha mtambo wote, na sifa ya mtambo ni kutikisa vioo vya jirani. Mzigo wote ule wa sauti nzito ndicho kitu pekee ambacho Baba hakuwa na upungufu nacho.) Mtangazaji akaanza kuzungumza, sauti iko mbele, nzuri. Nikamtazama Baba nikisubiri.

Akainama kidogo upande wa dirisha. Akainuka. Akafungua pazia akachungulia barabarani.

"Gari gani hilo linanguruma nje?"

Hapakuwa na gari. Nikasikiliza, sikusikia kitu. Baba akarudi akakaa, akainuka tena. "Kawasha injini haondoki. Atamaliza mafuta." Ilibidi nizime sauti ya runinga na kupiga magoti mbele ya sabufa ndipo nikausikia: mvumo wa chini, mzito, usiokoma. Mimi mwenye masikio mazima nilikuwa sijauona. Baba, ambaye zile sauti nzito ndizo alizobakiwa nazo, alikuwa hasikii kingine.

Nikampigia fundi mitambo. Akaniuliza maswali kama daktari. Dishi liko wapi? Juu ya bati. Waya wa dishi unaingia kwenye king'amuzi? Ndiyo. Sabufa imechomekwa wapi? Soketi nyingine, ukuta wa pili. Nyumba ina ethi? Nyumba ilivutwa umeme miaka ya themanini na fundi ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu, sijui aliizika wapi. Basi, akasema, umetengeneza mzunguko. Dishi lina ardhi yake, sabufa ina ardhi yake, na ule waya wa njano umeziunganisha kwa shaba. Umeme kidogo unazunguka humo, na mvumo wa hezi 50 ndiyo sauti yake. Maneno yenyewe yanafika salama, sifuri na moja hazijaguswa. Tatizo limeingia kwa mlango wa nyuma.

"Ondoa shaba. Weka mwanga."

Nikachomeka wa optikali, safari hii kutoka kwenye runinga. Kimya. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua sauti itoke kwa optikali, nikachagua PCM. Kimya. Nikazima vyote, nikawasha. Kimya. Baba ananiangalia, mdogo wangu ananiangalia, na mimi nimepoteza elfu sitini, na elfu kumi, na nguvu za miguu. Robo saa nzima. Halafu binti wa mdogo wangu, miaka tisa, akachomoa waya nyuma ya risiva, akauangalia, akasema, "Shangazi, mbona una kofia?"

Kile kifuniko kidogo cha plastiki kinacholinda ncha. Upande wa runinga nilikitoa, upande wa risiva nimekisukumiza ndani nacho. Alipokitoa tukaona kwenye ncha kidoa cha mwanga mwekundu, kidogo kama kichwa cha sindano. Yote yanayosemwa kwenye taarifa ya habari yalikuwa humo.

Sauti ilipokuja haikuwa na gari nyuma yake. Nikaipandisha spika ya katikati desibeli 6 juu ya wenzake na kuiweka mezani, usawa wa kichwa cha Baba. Habari ilikuwa ya mahakamani, mshtakiwa fulani amerudishwa rumande. Sikumbuki alishtakiwa nini. Nakumbuka mtangazaji akisema kwamba amenyimwa "thamana".

"Dhamana," alisema Baba.

Sote tukageuka.

"Dhamana. Thamani ni ya ng'ombe mnadani. Mtu ananyimwa dhamana. Hawa watoto nani anawafundisha kusoma?" Na aliyekuwa anamwambia si mimi wala mdogo wangu. Alikuwa ameelekeza uso kwenye kiti cha Mama.

Hakuna aliyesema kitu. Mtangazaji akaendelea na bei za korosho.

Optikali ina ubaya wake, na hakuna aliyenitajia dukani. Kwenye runinga ile rimoti haigusi sauti inayotokea humo. Sauti unaishushia na kuipandishia kwa rimoti ya risiva. Rimoti mbili, pamoja na ya king'amuzi tatu, kwa mtu wa miaka sabini na minane. Kwa kweli hapo ndipo HDMI yenye ARC ingeshinda, kwa sababu rimoti moja ingetosha, na laiti risiva ingekuwa changa kwa miaka michache ningeichagua hiyo, ya elfu nane, isiyo na dhahabu. Kesho yake asubuhi nilimkuta Baba amebonyeza sauti ya runinga mpaka 100 bila mafanikio. Nikabandika plasta ya kidonda juu ya kitufe hicho. Rimoti ya risiva nikaifunga uzi mwekundu. Mbinu za kizamani, zinafanya kazi.

Siku ya tatu tulikuwa barazani asubuhi, mimi na yeye, chai mezani. Alikuwa ananisimulia kesi ya miaka ya themanini, mgogoro wa minazi huko Pangani, shahidi aliyekuwa anajibu kila swali kwa methali hadi hakimu akamuuliza Baba kama anatafsiri au anatunga. Alikuwa anacheka, na safari hii kicheko kilikuwa mahali pake. Katikati nikasema jambo. Akasimama kusimulia.

"Nini?"

"Hamna kitu, Baba."

Ilinitoka kama inavyonitoka siku zote. Nimeisema mara ngapi kwa miaka mitano hii, kwenye simu, mezani, kwenye gari? Hamna kitu, Baba. Achana nayo. Si muhimu. Mama hakuwahi kuisema. Hata liwe neno la kipuuzi alikuwa analirudia.

Baba alinitazama kidogo. "Mahakamani hakuna hamna kitu," akasema. "Mtu akishasema, kimesemwa. Kinaandikwa."

Nikavuta kiti nikakiweka mbele yake, si pembeni, ili aione midomo yangu. Nikasema taratibu, "Nimesema chai yako inapoa."

"Aa." Akaigusa kikombe. "Kweli."

Waya wa dhahabu uko kwangu Kinondoni, umetoka kwenye king'amuzi umeingia kwenye runinga. Unafanya kazi sawasawa na ule uliokuwepo. Suala la vifaa vya masikioni limefika kikao cha pili. Safari hii hakuwataja vijana wa bodaboda, aliuliza tu kama vinaingia maji.

Jumapili iliyopita alinipigia simu. Mtoto amevuta meza kufagia, sauti imepotea. Nikamwambia achomoe ule waya mwembamba nyuma ya risiva, aangalie kama ncha ina taa nyekundu.

"Nini?"

"Ncha ya waya, Baba. Ina taa nyekundu?"

"Unasema bata?"

"Taa. Taa nyekundu."

Kimya kirefu, vitu vinasogezwa, anapumua kwa mtu aliyeinama. "Haina."

"Basi umechomoka upande wa runinga. Uchomeke upande wa runinga."

"Upande wa nini?"

Nilikuwa kwenye daladala, watu wameanza kunigeukia. Nikarudia. Nikarudia tena, silabi moja moja, ru-ni-nga, kondakta ananitazama. Mara ya nne akasema, "Aa, nyuma ya tivii," simu ikawekwa mezani bila kukatwa, na baada ya dakika mbili hivi nikasikia, kwa mbali, mtu akisoma matokeo ya mpira.